Kiatu cha Kulia cha Mzee Maganga

Kuna siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu Leticia, na tangu uondoke hapa juzi imenirudia kama ya jana. Ni siku ambayo mzee mmoja alikaa kwenye benchi la kibanda changu, akavua kiatu kipya nilichokuwa nimemkabidhi muda huo huo, akakigeuza kwenye mwanga na kuniuliza damu iliyokuwa ndani yake ni ya nani. Nitakufikisha huko. Mimi nimekula chumvi nyingi, ni sukari tu ndiyo niliyopunguziwa, na mtu wa umri wangu akianza kusimulia hupita njia ndefu. Nivumilie.

Juzi ulikuja ukaniamkia vizuri, ukakaa, chai ukaikataa ukisema umetoka kunywa. Niliona jinsi midomo ilivyokukauka. Ukafungua mkoba, ukatoa kadi ya kliniki uliyokuwa umeikunjia ndani ya kitambaa, ukaniambia, "Mjomba, naomba unitunzie hii. Elias asiione." Halafu ukalia. Ndoa yenu haijatimiza hata mwaka, na tayari umejipangia kuishi na mwenzako ukimficha jambo linalokaa mwilini mwako. Sikukujibu la maana. Niliipokea kadi, nikaiweka kwenye droo ya kabati la vyombo, nikakusindikiza mpaka barabarani. Niliporudi ndani nilikaa kimya mpaka mke wangu, mama Kulwa, akaniuliza kama naumwa.

Nilinyamaza kwa sababu ya aibu, mwanangu. Uliyokuwa unayafanya mbele yangu, yote niliyafanya mimi kabla wewe hujazaliwa, na nikayafanya vibaya zaidi.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kibanda changu kilikuwa Mabatini, pale pale unapopajua, na kazi yangu ilikuwa hii hii ya katambuga, viatu vya matairi ya gari yaliyochakaa. Wateja wangu wakubwa walikuwa wafugaji wa huko Kisesa na Bujora, watu wanaotembea na ng'ombe kutwa nzima na hawataki kiatu cha kubembelezwa. Kazi nilirithi kwa baba. Alinifundisha kulowesha kisu kwa maji ili kipite kwenye mpira bila kukwama, na alinifundisha sharti moja ambalo hakutaka mjadala juu yake: kiatu cha mteja hakitoki kibandani kabla hakijapimwa na mguu mtupu wa fundi. Kama saizi ni yako, unakivaa, unakwenda mpaka kwa muuza nafaka wa jirani na kurudi. Kama si yako, unaingiza mkono na kupapasa. Ile misumari midogo inayoshika mikanda ina tabia ya kutokeza ncha kwa ndani, na fundi ndiye anayetakiwa kuchomwa kwanza, si mteja.

Mwaka ule kiu ilinishika ajabu. Nilikuwa namaliza dumu la maji kibandani kabla ya saa sita, na safari zangu za chooni zikawa nyingi mpaka muuza nafaka akanitania kwamba nimefungua tawi huko. Nikakonda, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Siku moja nikamuaga mama Kulwa kwamba nakwenda kutafuta matairi, nikapitia hospitali. Muuguzi alinitoboa kidole, akaangalia kipimo chake, akanieleza kwa upole kwamba nina kisukari. Nikambishia. Nilimwambia amekosea mtu, maana chai yangu haijawahi kuzidi vijiko viwili. Nilidhani ule ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi, na mimi nilikuwa fundi katambuga mwenye mbavu za kuhesabika. Alinieleza mengi siku ile, lakini masikio yalikuwa yameziba. Nilichosikia ni kwamba hautaisha.

Nimekwambia nilibisha, lakini ukweli ni kwamba niliogopa sana. Nilitembea kutoka hospitali mpaka Mabatini bila kumuona mtu. Nilijiuliza nimemkosea nani. Nilimkasirikia Mungu, kisha nikamkasirikia mama Kulwa kwa kuwa alikuwa mzima. Nilipofika nyumbani akaniuliza mbona nimerudi bila matairi, nikamjibu nina malaria, nimepewa dawa. Unajua hapa kwetu ukisema malaria hakuna anayeuliza swali la pili.

Vidonge nikavificha kibandani, kwenye kopo la misumari. Nilikuwa navimeza nikiwa kazini, na Jumapili, kwa kuwa kibanda nilifunga, simezi. Mwili ulipopata nguvu kidogo nikaona nimepona, nikawa navikumbuka pale tu kiu iliponirudia. Muuza mizizi mmoja aliniuzia unga mchungu wa kuchanganya na uji, akaapa kwamba nitasahau kabisa habari za hospitali. Nikaunywa. Huo nao niliuita dawa ya malaria.

Kibaya zaidi kilikuwa kula. Wewe umekulia kwetu, unajua mgeni asiyekula anavyoulizwa amekosewa nini. Nikienda msibani ninapakuliwa ugali mlima, ninaumaliza. Harusini napewa wali na soda, ninamaliza na kuongezwa. Ningekataa ningetakiwa kutoa sababu, na sababu sikutaka itoke kinywani mwangu. Basi nikawa nakula ili kuficha ugonjwa, na kadiri nilivyoficha ndivyo nilivyoulisha.

Miguu ikaanza kufa ganzi. Nikikanyaga chini peku nilihisi kama nimevaa soksi. Na mimi, mwanangu, mjinga wa mwisho, nilifurahi. Nilijisifu kwa muuza nafaka kwamba nyayo zangu sasa zimekomaa kama za baba.

Hivyo ikapita miaka mitatu.

Mzee Maganga alikuwa mfugaji wa upande wa Bujora. Kila mwaka alikuja kuagiza katambuga, na mimi na yeye tulikuwa na mguu wa saizi moja, jambo lililomfurahisha sana, kwa sababu alijua viatu vyake vinapimwa sawasawa. Siku ile alifika asubuhi, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikamwitikia na kumwamkia shikamoo, akaketi kwenye benchi. Nilikuwa nimemaliza kugonga msumari wa mwisho. Nikavaa viatu vyake, nikaenda mpaka kwa muuza nafaka, nikarudi, nikavua, nikampa. Nikamwambia viko tayari, havina neno.

Akavaa cha kushoto. Akaingiza mguu kwenye cha kulia, akautoa haraka, akakiinua kile kiatu na kukitazama kwenye mwanga.

"Masanja, damu hii ni ya nani?"

Nilishtuka nikidhani nimemuumiza. Nikamtazama mguu, ulikuwa na damu kidogo kwenye ngozi lakini hauna kidonda. Yeye hakuwa anautazama mguu wake. Alikuwa anatazama chini, kwenye vumbi, mahali nilipopita. Kuanzia benchi mpaka nilipovulia viatu kulikuwa na alama za damu za mguu wangu. Akaniambia niinue mguu. Nikainua, na chini ya kidole kidogo kulikuwa na tundu la msumari linalotoka damu.

"Hukusikia?"

"Sikusikia, mzee."

Hakunicheka. Aliniuliza hali hiyo imeanza lini, na sijui ni kitu gani kilichonifungua, labda ile sauti yake, labda nilikuwa nimechoka kubeba. Nikamweleza yote, kiu, muuguzi, kopo la misumari, malaria ya uongo. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kusikia neno kisukari kutoka kwangu. Mteja, mwanangu, kabla ya mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Ng'ombe wangu wakirudi jioni, siketi kula kabla sijawatazama kwato, mmoja mmoja. Wao hawawezi kuniambia wamekanyaga mwiba. Wewe una mdomo, una mke ndani, na una miguu miwili tu. Nani anakutazama?"

Akavua kile cha kushoto, akakitia kwenye mfuko wake, akavaa katambuga zake za zamani. Cha kulia akakiweka juu ya benchi, karibu yangu. Nilidhani amekikataa kwa sababu ya kazi mbovu, nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Hiki nakiacha. Utaniletea nyumbani wewe mwenyewe, ukitembea kwa miguu yote miwili. Lakini leo funga kibanda, nenda kwa mkeo kwanza."

Nilifunga. Mama Kulwa alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, na mapacha wanacheza karibu yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikaweka lile kopo mbele yake, nikalimwaga, misumari na vidonge pamoja. Akavitazama, akanitazama. Nilipomaliza kumweleza nilitegemea aulize kama nitakufa. Hakuuliza hilo.

"Miaka mitatu nakupakulia kitu kinachokuumiza, kwa mkono wangu," akasema, "na wewe unapokea na kunishukuru."

Hapo ndipo nilipolia. Mwanangu, nilikuwa nimejidanganya kwamba namficha ili asipate wasiwasi. Kumbe nilikuwa nimemwondoa kwenye maisha yangu, nikamwachia mume wa kuigiza. Yeye naye alilia, akafuta macho kwa kanga, kisha akasimama kutafuta kitambaa safi cha kufungia mguu. Siku iliyofuata tulikuwa hospitali pamoja.

Sitakuficha kilichotokea. Ule msumari ulikuwa wa asubuhi ile, lakini chini ya kidole kulikuwa na kidonda cha zamani kilichokuwa kimeoza kimya kimya bila mimi kujua. Nililazwa. Daktari alisema tungechelewa zaidi mguu mzima ungeondoka. Kilichoondoka ni kidole kidogo cha kulia, ndiyo maana hujawahi kuniona nimevaa kandambili mbele za watu. Nilikuwa mgonjwa mkorofi. Niligoma kula, nikawafokea wauguzi, nikamwambia mama Kulwa aniache nife, maana fundi katambuga hukandamiza tairi kwa mguu, na mimi nani atanipa kazi. Alinisikiliza, akanipa maji, kesho yake akaja tena. Nadhani alinivumilia kuliko nilivyostahili.

Nyumbani alibadilisha mambo bila kupiga kelele. Hakunipikia mimi chungu cha peke yangu kama mgonjwa wa kutengwa. Tulianza kula chakula kimoja sote, ugali wa dona kidogo, mboga za majani nyingi, dagaa au samaki, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ikawa ya kupimwa, si ya kujaza bakuli. Chai ikawa haina sukari. Kulwa na Doto walinuna wiki nzima kwa ajili ya uji wao, baadaye wakazoea, na leo wana afya kuliko wote. Tukialikwa mahali, mama Kulwa alimpitia mwenye nyumba mapema jikoni, akamweleza, kisha akamwomba atufungie chakula kingine tuwapelekee watoto. Mwenyeji anafurahi chakula chake kimebebwa, na mimi nakula changu kidogo kwa amani. Miaka mitatu nilipambana na jambo ambalo yeye alilimaliza kwa kunong'ona.

Kidonda kilichukua miezi kupona. Siku daktari aliponiruhusu kutembea safari ndefu kidogo, nilivaa viatu vya kufunika kama nilivyoagizwa, nikakichukua kiatu cha Mzee Maganga, nikapanda gari mpaka Kisesa, nikamalizia kwa miguu. Nilikuwa nimeugonga ule msumari ukalala na kukisugua kile kiatu kwa sabuni na mchanga, lakini doa lilikataa kutoka. Nilimkuta nyumbani kwake. Kabla hatujamaliza salamu akaniketisha kwenye kigoda, akanivua kiatu na soksi, akaupakata mguu wangu kama anavyopakata kwato, akaupapasa wote. Akahesabu vidole.

"Umechelewa kidogo," akasema.

"Kidogo, mzee. Kidole kimoja."

Tukatazamana, tukacheka mpaka mkewe akatoka ndani kuuliza kuna nini. Mzee akaenda kuleta kile cha kushoto. Kilikuwa na vumbi, hakijavaliwa hata mara moja. Nilimwambia nimtengenezee cha kulia kingine kisicho na doa, akakataa, akasema hiki ndicho alichoagiza. Akavaa vyote viwili, akazunguka ua, akarudi akiwa ameridhika.

Kisha ikaletwa sinia ya ugali, mlima wenyewe wa Kisukuma, na maziwa na mboga. Mama Kulwa hakuwepo wa kunong'ona jikoni. Nilinawa mikono. Nikamwambia mke wa mzee, "Mama, mimi nina kisukari, naomba ugali kidogo na mboga zaidi." Ndiyo mara ya kwanza nilipolitamka mbele ya watu nisiowazoea. Hakuna aliyeniona nimewadharau. Yule mama alipunguza ugali, akaongeza mboga, akakaa karibu yangu na kuniuliza taratibu dalili zake zinaanzaje, kwa sababu mdogo wake ana kiu isiyoisha. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa. Niliondoka pale nikiwa mwepesi, mwanangu, sijui nikuelezeje, kama mtu aliyeshusha gunia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo sababu ya maneno yote haya.

Lia, Leticia. Huna sababu ya kujikaza kisabuni. Umepoteza kitu, umepoteza ule mwili ambao hukuwa unaufikiria, na mtu anayepoteza hulia. Kuna siku utakasirika bila sababu, kuna siku utachoka kupimwa na kuhesabu vijiko. Siku hizo zikija usidhani umeshindwa, kesho yake anza tena. Usitafute aliyekuloga na usijitafutie kosa. Uliniuliza ukilia kama utaweza kuzaa. Sina elimu hiyo, lakini nawafahamu akina mama kadhaa wa kliniki yetu wenye kisukari na watoto mgongoni, kwa hiyo swali hilo mpelekee daktari mapema, kabla ya mimba, ajue nia yenu na akuongoze.

Dawa utakayopewa ifuate kama ulivyoelekezwa, na ukijisikia mzima usiiache, maana huenda uzima huo umeletwa na hiyo hiyo dawa. Usiibadilishe kwa unga wa mtu wa sokoni. Muulize muuguzi ufanye nini ukijikuta unatetemeka na kutoka jasho ghafla, na kama atakwambia utembee na kitu kitamu mkobani, tembea nacho, usione ajabu, maana sukari nayo huweza kushuka mno. Tembea kila siku, usitembee peku, na kila jioni tazama miguu yako, juu, chini na katikati ya vidole, hata kama haikuumi. Hasa kama haikuumi.

Na Elias mwambie. Najua unachoogopa. Ndoa ni changa, wakwe hujawazoea, na unadhani akijua atakuona mzigo. Siwezi kukuapia atasema nini, mimi si yeye. Huenda ataogopa, huenda atatoka nje kwanza apumue. Lakini nilimwona siku ya sendoff yako akikushikia viatu ulipochoka, mbele ya rafiki zake, bila kuona haya. Mtu wa namna hiyo mpe nafasi ya kukusaidia kabla hujaamua kwamba hataweza. Mimi nilimnyima mama Kulwa nafasi hiyo miaka mitatu, na gharama yake iko ndani ya soksi yangu ya kulia.

Kadi yako iko salama kwenye droo. Kliniki yako ni Jumatano, nimeisoma tarehe, samahani. Ukija kuichukua peke yako nitakupa, siwezi kukunyima kinachokupeleka kwenye dawa. Lakini njoo Jumapili baada ya ibada, na uje na Elias. Ukishindwa kumwambia njiani, utamwambia hapa, na mimi nitakuwepo. Nitavua kiatu, nitamwonyesha mguu wangu, nitamweleza habari za Mzee Maganga, na mama Kulwa atamweleza jinsi ya kuzungumza na wenye nyumba jikoni. Chai itakuwa haina sukari. Safari hii utaimaliza.

Mungu akutie nguvu, mwanangu, awape wewe na mwenzako mdomo wa kuambiana na macho ya kutazamana. Aibariki miguu yako ikufikishe uzeeni, na ufike na vidole vyote kumi.